Hakimu wa Pili

Ijumaa ile fundi Masalu alileta kiti,
mninga mtupu, bado kinanukia randa,
akauliza, "Nikiweke wapi?"
Hapo ndipo tulipogundua: hakimu wa pili tumepewa,
chumba cha pili hatuna.

Tukahamisha majalada.
Miaka kumi na tisa ya ukarani nilidhani nayajua,
kumbe yalikuwa yakizaana nyuma ya mgongo wangu
kama magugu-maji pale Mwaloni:
unayaopoa asubuhi, jioni yamerudi na watoto.
Mirathi ambayo warithi nao wamekufa.
Talaka ya watu waliokwisha kurudiana, wakazaa tena.
Mbuzi, kielelezo namba mbili,
ambaye sitasema alipo.

Mheshimiwa wetu wa siku zote alisimama mlangoni,
mtu wa mashauri arobaini kwa siku, sauti imebaki nusu,
akakigusa kiti cha mwenzake
kama mtu anavyogusa shingo baada ya kutua ndoo.

Jumatatu nikasimama katika kilichokuwa stoo,
vumbi la karatasi bado linaelea, nikaita:
"Nkwimba Lusana dhidi ya Bibiana Mugonya!"

Walikuwa nje, juu ya jiwe lile lile,
wanagawana michembe kwenye kifuniko cha hotpoti.
Mara ya ishirini na tatu naita.
Mara ishirini na mbili niliwapa tarehe,
wakaondoka nayo kama chenji pungufu.
Mwaka wa kwanza kila mmoja na upande wake wa jiwe.
Wa pili wakaulizana saa.
Wa tatu Nkwimba aliugua,
na aliyekuja kumwombea udhuru
ni Bibiana, mdaiwa wake.

Hakimu mpya, binti mdogo, kalamu haijaanza kuvuja,
aliwatazama, akasoma, akawatazama tena.
"Ninyi mbona mnapatana?"

"Kula tunapatana, mheshimiwa,"
akasema Nkwimba, akifuta vidole kwenye khanga.
"Hesabu ndiyo hatupatani.
Magunia ya dagaa yalikuwa kumi na moja.
Huyu anasema tisa.
Mwaka wa nne huu, hatujapata mtu wa kutuhesabia."

Bibiana akaitikia kwa kichwa: hilo, kweli tupu.

Hakimu akakivuta kiti,
kikalia kidogo, kama viatu vipya.
"Haya," akasema.
"Gunia la kwanza."