Milimita Nane

Theluji imefika kizingitini mwa gereji, Bragança,
na Adérito bado anapima.
Injini ya dizeli, aliyoing'oa kwenye teksi ya shemeji yake,
inaning'inia kwa mnyororo, inadondosha oili
juu ya kisuzuki kilichoachama.

Imezidi milimita nane.
Jana zilikuwa tisa; tupa imekula moja.

"Kata boneti," anasema Graciete mlangoni, kikombe mkononi.
"Boneti haikatwi."
"Basi kata ubishi."

Usiku wa manane, msumeno.
Kisha ufunguo: kikohozi, moshi mweusi,
kikohozi tena,
halafu ngurumo nzito, isiyo na haraka.
Mbwa wote wa jirani wakabweka,

na Graciete, jikoni,
akazishika sufuria zisicheze rafuni.