Vuta Hapo

Kazi yangu ni kukuza.
Picha, simaanishi maneno;
maneno huku Mbagala yanajikuza yenyewe.

Bi Siwatu kaja saa nne, kabla umeme haujaanza utani wake.
Picha ndani ya kadi ya kliniki, kadi ndani ya pindo la khanga.
"Nitafutie bikoni."

Akika ya Zamoyoni, mwaka tisini na tisa.
Mtoto kanyolewa, kichwa kinang'aa kama sahani.
Nyuma yake michongoma, nyuma ya michongoma majani,
na katikati ya majani, anaapa,
jiwe la serikali lenye namba.
Jumatatu kuna kikao, mtendaji atakuwepo,
na ukuta wa Lusekelo umeshafika kozi ya nne.

Nikailaza kwenye skana. Mwanga ukapita chini yake
polepole, kama mtu anayetafuta shilingi uvunguni.

Asilimia mia: sherehe.
Mia mbili: mtoto, kiganja cha mtu, ukosi wa shati.
Mia nne: majani yamekuwa ukungu wa kijani.
"Vuta hapo."
Navuta.
"Hapo penye cheupe."
Mia nane, cheupe kinavimba
kama andazi kwenye mafuta, hakina kingo.
Elfu moja na mia sita:
viraba tisa.
Vitatu vyeupe, vinne vyeupe vya kufuliwa kwa maji ya chumvi,
viwili kijivu.

"Ndilo!"

Mama, nikamwambia, laweza kuwa jiwe.
Laweza kuwa kuku. Laweza kuwa ndoo iliyofunikwa,
au vumbi la skana hii, sijaifuta tangu Idi.
Mashine haigundui kitu;
inachukua kidogo ilichopewa, inakitandaza.

Akasogeza kiti.
"Na wewe huwezi kulinyoosha? Likapata pembe?"

Naweza.
Brashi ndogo, rangi ya saruji, namba nne nyeusi,
dakika tatu.
Nimeshawavisha watu suti wasizomiliki,
nimefuta makovu, nimewafumbua macho waliopepesa.
Feni ikazunguka. Kipanya kikapata joto mkononi.

Nikabonyeza kile kitufe kirefu.
Mshale ukageuka mkono,
kimkono cheupe kisichozidi ukucha,
nikaishika picha nacho, nikaiburuta,
bado iko elfu na mia sita, nikipita juu ya watu
kama anayepapasa nyuso gizani:
viraba vya khanga, viraba vya pilau,
viraba vya mtu sijui nani.

"Rudi kidogo." Nikarudi.
"Ipunguze."
Mia nane. Mia nne.
Sinia. Mikono miwili chini ya sinia.
Mia mbili:
kijana mwembamba, mikono ya shati kaikunja,
jasho tele, anacheka na mtu aliye nje ya picha.

"Huyu," akasema Bi Siwatu, "alipakua tangu asubuhi.
Hakutia kitu mdomoni mpaka watu wote..."

Hakumalizia. Sikuuliza jina.
Mtu huyo huyo, na kitambi juu yake,
alikuja juzi kutoa kopi ya hati ya kiwanja.
Alikaa kiti hicho hicho.

Kituo chetu kinaitwa Rangi Tatu.
Kioo nacho kina tatu tu: nyekundu, kijani, buluu.
Ukibandika pua, ndizo utakazoziona,
si mtu, si jiwe, si mpaka.

"Irudishe yote," akasema. "Ienee."
Nikairudisha. Kile cheupe kikawa nukta
kando ya sikio la mtoto,
na sinia likapata watu wake.

"Toa mbili."

Alilipa kwa noti ya elfu tano,
akasubiri chenji yote, akaihesabu.
Moja akairudisha kwenye kadi ya kliniki.
Nyingine akaniomba bahasha.