Uzito wa Kikombe

Mizani niliinunua Mbuyuni kwa muuza viungo
aliyekuwa akipimia zafarani. Elfu kumi na mbili,
kifuniko kimepasuka, betri ya kuazima.
Inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu:
ukiipumulia, inakujibu.

Mashine ni ya kukandamiza kwa mkono,
ya daktari mmoja wa KCMC aliyerudi kwao
akaniachia na kijitabu cha lugha nisiyoijua.
Nikaisoma kwa vidole.
Fundi Shirima wa Majengo akaitoboa kichwani,
akapachika geji ya kompresa ya matairi.
"Ifike baa tisa," nikamwambia.
"Tairi la lori ni nane," akasema.
"Unataka kunywa au unataka kusafiri?"

Sindano tano za ushanga nimezichomeka
kwenye kipande cha kandambili ya bluu.
Ndizo za kuchambulia unga kabla ya kuushindilia,
maana maji ni mavivu,
yakiona ufa yanapita hapo hapo
na kahawa nyingine yote inabaki imelala.
Wiki tatu nilikuwa nakunywa ufa.

Kipimajoto ni cha maziwa, cha dada Ndeanka.
Kimenifundisha kwamba hapa Moshi maji huchemka
kwenye nyuzi tisini na saba, basi,
hata uyachochee kuni za mji mzima.

Daftari ni la mwanangu, nyuma ya hesabu za kugawanya:
Jumatatu, sekunde kumi na moja, chachu kama ukwaju.
Jumanne, nimesaga laini mno. Tone, tone, kisha hakuna.
Jumatano umeme ulikatika.
Alhamisi, gramu kumi na nane zimeingia,
thelathini na sita zimetoka, sekunde ishirini na nane.
Ladha sikuandika. Nilikuwa nimekaa chini.

Jumamosi baba akashuka kutoka Uru
na ndizi kwenye kiroba,
na kahawa ya shambani kwenye kopo la maziwa ya unga.
Akavitazama vyombo vyangu kimoja kimoja,
akauliza nani anaumwa.

Akataka kupima punje. Kumi, alizozikaanga mwenyewe:
gramu moja nukta tatu.
Nikapiga hesabu, kikombe kimoja, punje mia na thelathini na nane.
Yeye akagawanya kwa mbili, kichwani, haraka kuliko simu:
"Matunda sitini na tisa.
Hayo hata kitako cha kikapu hayafuniki."
Nikamtajia bei ya kikombe kama hicho
kwenye mgahawa ulio karibu na mnara wa saa.
Akaniambia nichemshe maji.

Nilipoweka kikombe kitupu kwenye mizani
nikabonyeza, namba zikafutika.
"Umefanya nini hapo?"
"Nimeondoa uzito wa kikombe, baba.
Tunapima kahawa tu."

Geji ikapanda. Uzi ukashuka mweusi, ukawa kahawia,
ukaishia na rangi ya nywele za mahindi.
Akanywa, akakunja uso. "Dawa ya ng'ombe."
Akamaliza, akalamba ukingo.

Kisha akazimwaga ndizi zote mezani,
akakikunja kiroba mara nne, kama barua,
akakiweka juu ya mizani ya zafarani.
Gramu mia moja na saba.
Akakiondoa, akakirudisha. Mia moja na saba.
"Pale kwa karani," akasema, "kiroba kama hiki hiki
walikuwa wanakikata kilo nzima."
Hakusema ni viroba vingapi, wala miaka mingapi.
Mimi niliisoma shule miaka hiyo.

Nikamuuliza kama nimwongezee.
Akasema ndiyo, lakini akakisogeza kikombe mwenyewe,
akavaa miwani,
na kidole chake, kile chenye ukucha
uliopasuliwa na mashine ya kumenyea,
kikaanza kutafuta kitufe.