Kidevu cha Babu Yake

Sharubu zilimjia mwezi wa Rajabu,
chache, nyembamba, kama mtu aliyejaribu kalamu
kuona iwapo wino ungalipo.
Nabhani akaanza kula mkono mdomoni
kama mwenye jino bovu.

Ijumaa moja nikakuta wembe wangu wa kukatia kucha
umelowa, juu ya tangi la maji,
na taulo langu lina matone matatu ya damu.
Sikuuliza. Nilifua taulo.
Jioni alikuja kula na kikaratasi shavuni
na sote tukamtazama samaki.

Baba yake hana la kumfunza.
Khatibu ana miaka arobaini na saba
na kidevu chake ni sahani iliyooshwa.
Kwao ndivyo walivyo, wote, hadi maami zake.
Basi Jumamosi tukatoka, mimi na mume asiyenyoa,
kwenda kununua mashine ya kunyolea.

Duka la Taherali liko nyuma ya Barabara ya Digo,
kati ya muuza leso na fundi wa saa.
Ya kwanza ina vichwa vitatu vya kuzunguka
kama mapanka ya msikitini.
"Hii ya ndevu zilizokomaa," akasema, akairudisha.
Ya pili ina wavu, mwembamba kuliko chekeche la unga;
visu viko chini yake, havionani na ngozi.
Ya tatu ni ya dhahabu, ina taa ya buluu,
na jina maarufu lililobadilishwa herufi moja.

Khatibu akaipenda hiyo.
Akaiwasha, akaiweka kidevuni.
Ikapita kote ikinguruma, haikupata kitu.
"Laini," akasema. "Haiumi hata kidogo."
Taherali akaziinamia risiti zake.
Mimi nilicheka hadi mtandio ukaniangukia begani.

"Nywele za kijana zanyooka au zajikunja?"

Hilo nililijua. Sikutaraji kulijua.
Ndevu za Nabhani si za kina Khatibu,
ni za baba yangu, Shekue,
zitokazo ngozini zikarudi ngozini
kama uzi wa pindo.
Mwaka aliopooza upande, mimi ndiye niliyemnyoa,
kila Alhamisi, uani, kwenye kiti cha plastiki,
maji ya moto ndani ya kopo la maziwa.
Vuta ngozi kwa kidole gumba.
Zifuate nywele ziendako, usishindane nazo.
Chini ya taya acha kidogo:
ukitaka kidevu kiwe yai utavuna vipele.
Hakuweza kusema. Alifumba jicho moja,
lile lililokuwa bado likimtii,
nikajua hapo nimepatia.

"Ya wavu," nikamwambia Taherali.
Isiyokata hadi mzizini, inayokaa na chaji,
maana kwetu Kisauni stima ina hiari yake.
"Na maji yenu ya kisima?"
"Ya chumvi."
"Basi akiiosha aikaushe, chumvi itaila."
Akataka elfu nne na mia tano. Nikataja elfu tatu.
Tukakutana mahali ambapo sote wawili tulinung'unika.

Sikumkabidhi mkononi.
Niliiweka juu ya tangi, pale pa wembe,
na wembe nikauficha kwenye mkebe wa sindano.

Usiku komeo la msalani likagonga.
Kisha mngurumo, nyuki ndani ya chupa.
Ukakoma. Ukaanza tena.
Nilikuwa mlangoni bila kukumbuka nimeinuka lini.
"Vuta ngozi kwa kidole gumba."
Kimya.
"Najua, mama."
"Na chini ya taya—"
"Mama!"
Sebuleni Khatibu alizima redio ili asikie,
mkono wake kidevuni, pale pasipo kitu.

Alipotoka alitupita wima bila salamu,
ananuka sabuni yangu.
Nilimwangalia kwa ubavu, haraka, kama mwizi.
Chini ya taya alikuwa ameacha kidogo.