Baki

Macho ya mama yameingia ukungu tangu Rajabu,
kwa hiyo siku hizi kugawanya nagawanya mimi,
mwalimu wa hisabati, nisiyeamini,
ninayeshika penseli tu.

Alifu moja. Be mbili. Jimu tatu. Dali nne.
Herufi zilikuwa tarakimu kabla sifuri haijazaliwa;
wachuuzi walipima ngano kwa herufi zizo hizo
walizoandikia majina ya wafu,
na mtu mmoja, usiku mmoja, deni likimnyima usingizi,
akajumlisha jina la anayemdai
aone kama atakufa kabla ya mavuno.
Hivyo ndivyo nidhanivyo mimi.
Mama husema ilishuka.

Kwetu haikushuka. Ilipanda garimoshi,
kitabu kisicho jalada ndani ya sanduku la bati la babu Feruzi,
kikateremka Kisumu pamoja na magunia ya chumvi,
kikakuta watu wana majina
ambayo hakikuyaandalia herufi.

Jumanne alikuja Ong'wen, mchomeleaji vyuma wa Kibuye,
nyusi zimeungua nusu,
viza mfukoni, deni la shamba mgongoni.
Swali lake fupi: "Niende Katari, au nibaki?"

"Jina lako," mama akasema, "na la aliyekuzaa."
"Dina."
Dina hana matata: nne, kumi, hamsini, moja. Sitini na tano.
Hata Katari ilihesabika,
mia tatu na tisa, toa kumi na mbili, toa kumi na mbili,
baki tisa, nyota ya Mshale.
Lakini Ong'wen!

Alifu, moja. Wau, sita. Kisha
ile sauti inayopitia puani
ambayo Mwarabu hakuipa kiti wala bei.
Wau tena, sita. Nuni, hamsini.

Nikiiruka: mia moja ishirini na nane, baki nane, Nge.
Nikiiazimia nuni: baki kumi, Mbuzi.
Nikiiazimia ghaini, elfu nzima kwa pumzi moja,
haibaki kitu, na isipobaki husomwa kumi na mbili: Samaki.
Nuni na ghaini pamoja: baki mbili,
Ng'ombe,
na hapo nikacheka, maana hata nyota yenyewe
inalia kwa herufi tusiyokuwa nayo.

"Imebaki ngapi?" mama akauliza.
Alikuwa amekwisha kuloweka zafarani,
sahani nyeupe magotini, kijiti mkononi,
anaandika kwa kupapasa kama apangaye vikombe gizani:

nne tisa mbili
tatu tano saba
nane moja sita

kila upande kumi na tano,
hakupotoka hata mstari mmoja.

Sikujibu. Nilikuwa nawaza ng'ambo,
nawaza ng'oa, ng'ang'ania, king'ora,
maneno yote ambayo kitabu cha babu hakina mizani ya kuyapima,
na kijana huyu amebeba moja katikati ya jina lake
kama chembe ya chuma jichoni.

"Mama yako alikuitaje?" mama akamwuliza.
"Si kwenye cheti. Akikuita uje ule."

Ong'wen akatazama sakafu.
"Baba," akasema. "Nimerithi jina la babake. Aliniita Baba."

Be, alifu, be, alifu. Sita.
Na Dina, sabini na moja.
Baki kumi na moja, nikasema. Ndoo.

Akayanywa maji ya zafarani kwa mkupuo,
akafuta mdomo kwa mkono wenye makovu ya cheche,
akasukuma shilingi mia mbili chini ya mkeka.
"Sasa Ndoo ni niende au nibaki?"
"Ndoo huenda kisimani," mama akasema, "na hurudi.
Kamba ndiyo sijaiona."

Alhamisi kibanda chake Kibuye kilikuwa na kufuli.
Katika daftari langu, kati ya hesabu za gredi ya saba,
ile ng' bado iko peke yake,
kulia kwake alama ya sawasawa,
kisha nafasi.