Anza Wewe

Sokoni Wete, Bi Mize kajishika kiuno,
sinia la pweza mbele yake:
"Virusi? Ndiyo dawa hiyo?
Na wanaokula kwangu n'wambie nini?"

Namwonesha kichupa. Maji tu, ukiyatazama.
Hawa, mama, wanajua mlango mmoja,
wa salmonela. Kwengine hawabishi hodi.
Jana umewala kwenye kachumbari,
wakapita kama wageni wasiovua viatu.

"Na salmonela wakishamalizika?"

Nao huisha.

"Wamekwambia?"

Daftari langu lina miezi minane ya hesabu.
Swali hilo sikuliandika.

Akakata mnyiri, akadondosha tone,
akanisogezea kisahani:
"Anza wewe."

Nikala.

"Rudi Ijumaa nikuone," akasema,
akaosha kisu
mara mbili.