Ungamfupa

Nilikodi kishamba Sheffield, juu kule Walkley,
mteremko unaotazama moshi ambao haupo tena:
kibanda kisicho na mlango, pipa la mvua,
na mmea mmoja ambao sikuupanda.

Majani mapana kama sikio la ndama,
yana vinyweleo; ukiyashika bila glavu
mkono unakuwasha hadi jioni.
Maua ni kengele za zambarau iliyopauka,
safu iliyojikunja kama mkia wa nge.
Nyuki wa huku, wale wanene wenye manyoya,
wenye ulimi mfupi, hawabishi hodi mlangoni:
hutoboa kengele ubavuni, wakaiba, wakaenda.

"Usiung'oe," alisema jirani wa namba kumi na nne,
Clifford Staniforth, miaka themanini na miwili,
vidole viwili pungufu.
"Usiung'oe, kwa sababu hutaweza."

Jina lake la kale hapa lina mfupa ndani yake.
Nimelitia katika Kiswahili changu: ungamfupa.

Mama yake, alinihadithia, alikuna mzizi,
mweusi nje, ndani mweupe kama muhogo,
akauponda mpaka ukavuta kama bamia,
akaupaka kitambaa, akamfunga mtoto
aliyeanguka kutoka ukutani.
Ute ukakauka, ukawa ganda.
"Mtoto huyo ni mimi. Tazama mkono."
"Umepinda," nikasema.
"Umeunga," akasema.

Sikumwambia siku ile kwamba nami
hufunga plasta hospitalini, zamu ya asubuhi,
naloweka bendeji katika maji vuguvugu
na kuwaambia watoto wachague rangi.

Januari, barafu ikampeleka kwangu.
Kifundo cha mkono, ule ule uliopinda.
"Weka jani chini yake," akaninong'oneza,
na kweli alikuwa nalo mfukoni, limekauka, limekunjwa kama barua.
"Siruhusiwi."
"Basi nitakunywa chai yake."
"Usinywe. Ini halisamehe."
"Mama alikunywa maisha yake yote."
"Alikufa kwa nini?"
Akatazama dirisha. Tukaendelea kuzungusha bendeji.

Ili kumchangamsha nikampa methali ya kwetu:
kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Alikuwa mhunzi, miaka thelathini mbele ya tanuru.
Akaifikiria mpaka plasta ikaanza kupata joto.
"Kwetu," akasema, "koleo halikuvunjika.
Walifunga tu geti."

Akanifundisha kwa mkono mmoja, ameketi juu ya ndoo:
kata mara nne kwa mwaka, vidole vinne juu ya ardhi.
Majani yatie pipani, yakandamize kwa tofali,
funika, na usimwalike mtu kwa wiki tano.
Kitakachotoka ni cheusi na kinanuka kama zizi;
kichuje, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji,
nyanya zitakushukuru, majirani hawatakushukuru.
Na mbegu?
"Aina hii haizai mbegu. Huzaa ukiivunja."

Nilikuwa nimeshaivunja. Mwaka wa kwanza, kwa ubishi,
nilichimba shimo la kufika gotini,
nikakata mzizi vipande kumi na kimoja,
nikajipongeza kwa chai na mkate.
Aprili yalichomoza majani kumi na mawili.
Mpaka leo sijui la kumi na mbili lilitoka wapi.

Machi hii, namba kumi na nne ina kufuli jipya.
Binti yake alikuja kuchukua sepetu,
koti la kazini, macho mekundu, haraka haraka.
Sikuwa na maneno. Nilichimba kipande cha mzizi,
urefu wa kidole gumba,
nikakifunga katika gazeti bichi.
Kilaze ubavu, nikamwambia,
kina cha vidole vitatu, palipo na unyevu,
na uwe na hakika ya mahali, maana hakihami.

Alikishika kama mtu aliyepewa kifaranga.
"Juu ni wapi?" akauliza.

Nikakigeuza, nikakigeuza tena.
Chenyewe kinajua, nikasema.